Maneno niliyomwambia mama wa makala

Mwaka 2011 nilimwambia mama mmoja kwamba mgongo wake umechakaa.

Nilikuwa nimeiinua picha yake ya radio, yaani eksirei, dirishani ili jua lipite, na kwa ncha ya kalamu nikamwonyesha: hapa pamelika, hapa pameota kijifupa. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kitenge amekifunga barabara, na juu ya nyusi alikuwa na ile alama ya mugozi, kamba ya kubebea mzigo, ambayo mtu yeyote wa Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, anaitambua. Alikuwa mbebaji wa makala, yaani makaa ya kupikia. Kila siku alipandisha magunia kutoka ufukweni mwa ziwa hadi soko la Kadutu, na wewe unayeujua mlima ule umeshaelewa. Akaniuliza, "Docta, sasa nifanye namna gani?" Nikamwambia asibebe tena kitu kizito, asiiname, alale kwenye godoro gumu. Sikumwuliza kama ana godoro. Akanishukuru, akaenda.

Baada ya miezi minne alirudi. Alikuwa anatembea kama mtu aliyejitwika chungu cha maji kisicho na kifuniko, hageuki, hainami, hata kiti alikikalia kwa kukitafuta na mkono kwanza. Hakuwa amebeba kitu tangu siku ile. Watoto wawili walikuwa wamefukuzwa shule kwa ajili ya minervali, yaani karo. Binti wa miaka kumi ndiye aliyekuwa anachota maji ya nyumba nzima. Na maumivu yalikuwa yameongezeka. Nilipomtaka ainame kidogo tu, nione, alinishika mkono akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo:

"Docta, ulisemaka ya kama mugongo iliisha. Kitu yenye iliisha, si inaweza vunjika saa yote?"

Ninaandika haya kwa sababu wanafunzi wangu huniuliza ilikuwaje mimi, kine, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, nikaingia katika utafiti, na ilikuwaje nikaishia vijiji vya Bambuti, wenyeji asilia wa msitu, chini ya mlima Kahuzi badala ya kufungua kabineti yangu, kliniki ya binafsi, mtaa wa Nyawera nikawahudumia watu wenye uwezo wa kulipa. Jibu ni mama huyu. Mengine yote yamefuata.

Kwa ufupi, kwa wasionijua: mimi ni mtoto wa Kadutu. Nilienda Kinshasa kusomea kinezi mwaka 1997, vita vya 1998 vikaikata nchi vipande viwili, nikabaki huko mpaka 2003. Niliporudi nilikuta mji umejaa watu waliokimbia vijiji vyao, na wanawake wengi kuliko zamani wakiishi kwa mgongo wao. Nilifanya kazi hospitalini miaka mingi. Nilikuwa mzuri katika kazi yangu, au niliamini hivyo, maana nilisema yale niliyofundishwa: mgongo ni kama mashine, pingili zinasagika, disiki, vile vitu laini vya katikati ya pingili, zinakauka, na kinachosagika hakirudi.

Kile ambacho sikufundishwa ni hiki. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya picha za migongo ya watu ambao hawana maumivu hata kidogo. Kati ya wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walionekana na disiki zilizoanza kuchakaa. Kati ya wenye miaka 80, asilimia 96. Watu wazima kabisa, wanalima, wanacheza ngoma harusini. Kuchakaa kwenye picha ni kama mvi. Nilimwonyesha yule mama mvi zake, nikamwambia ni ugonjwa.

Mabadiliko yangu yalianza usiku mmoja wa 2014, kwenye simu, kwa mega za usiku, bando la intaneti ambalo ni la bei nafuu. Nilikuwa natafuta kitu kuhusu maumivu ya kiuno vijijini, nikaangukia utafiti uliotoka mwaka uliotangulia, kutoka magharibi mwa Australia. Ivan Lin, kine kama mimi, na wenzake walikuwa wamekaa na Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia, 32 wenye maumivu sugu ya kiuno, wanaume 21 na wanawake 11, wakawasikiliza. Wengi wa watu hao waliamini uti wao wa mgongo umeharibika, na kwamba mbele yao kuna giza tu. Na imani hiyo waliitoa wapi? Si kwa mababu zao. Waliitoa kwetu sisi watu wa afya, kwa maneno yetu na kwa picha zetu. Watafiti hao waliandika bila kuficha kwamba sehemu ya ulemavu ule imetengenezwa na matibabu yenyewe.

Nilizima simu nikakaa gizani. Mume wangu aliniuliza kama nimepata habari ya msiba.

Baadaye, mwaka 2016, Lin pamoja na Dawn Bessarab, mtafiti ambaye mwenyewe ni Mwaborijini, na mwenzao mwingine, walieleza namna ya kuongea na mgonjwa inayofuata desturi ya watu wale ya kupiga soga. Kwanza soga la kujuana: unatoka wapi, watu wako ni nani. Kisha soga la ugonjwa: mgonjwa anasimulia, wewe unasikiliza kwa masikio ya kitaalamu. Kisha soga la nini kifanyike, kwa mifano anayoijua. Mtu wa Kivu akisoma hivyo atashangaa kwamba jambo hilo lilihitaji kuandikwa. Kwetu nani anaingia nyumbani kwa mtu akaanza na shida iliyomleta? Unaulizia usiku, unaulizia watoto, unaulizia mvua na mashamba, ndipo shida yenyewe inajileta. Ni hospitalini peke yake tunapomrukia mtu na "Wapi panauma?" hata hajakaa. Tumeiacha adabu yetu nje ya geti pamoja na viatu vyenye matope, na hakuna aliyetuamuru.

Yule mama alirudi mara ya tatu kwa sababu nilimtafuta. Nilimwomba msamaha. Hakuna aliyenifundisha namna ya kumwomba mgonjwa msamaha, nikasema tu, "Mama, nilikosea. Mgongo wako haujaisha. Una nguvu kuliko wangu." Tulianza na jiwe la kilo tano, kuliinua kutoka chini na kulirudisha, mara kumi, mbele ya macho yangu, naye akitetemeka kwa hofu. Mwezi wa saba alikuwa anabeba tena, nusu gunia, safari mbili badala ya moja. Maumivu hayakwisha yote. Lakini binti yake alirudi shule.

Kutoka hapo nikaanza kuwafuata wabebaji wengine, na niliwafuata kwa miguu. Nilinunua mizani ya ndoano, ile ya kupimia nyama, nikashinda nayo bandarini. Gunia la kwanza nililopima lilikuwa kilo 62. Aliyelibeba alikuwa na kilo 53. Sasa linganisha. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebe zaidi ya kilo 55, na mwanamke pungufu sana ya hapo. Wapagazi wa Himalaya, waliopimwa na watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2005, wanawake wao walikuwa wakibeba kwa wastani asilimia 66 ya uzito wa miili yao, wanaume asilimia 93. Mama wa bandarini kwetu, siku ile, alikuwa amezipita wastani zote mbili. Na Kenya, mwaka 1986, Maloiy na wenzake waliwapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wakakuta kwamba wanabeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu yoyote ya ziada. Niliposoma hilo nilisimama. Vizazi vya wanawake vimejifunza elimu ya kutembea ambayo maabara haikuwahi kuifundisha.

Kwa hiyo nikaacha kutafuta udhaifu katika migongo yao. Nikaanza kuuliza nini kinaizunguka. Kutoka alfajiri bila kula. Malipo kwa safari, si kwa siku, kwa hiyo anayepumzika anapoteza. Kandambili kwenye matope ya Novemba. Mimba ya miezi minane. Kujitwika na kutua peke yako. Hili la mwisho nalitilia mkazo. Kiswahili kinajua kwamba kubeba si tendo moja: kuna kutwika, kuna kubeba, kuna kutua. Niliowasikiliza hawakuumia sana katika kubeba. Waliumia wakijitwika wenyewe kutoka chini kwa kupinda kiuno huku wameikaza mugozi kwenye paji la uso, au wakitua kwa haraka kwa sababu mwenye mali anapiga kelele. Tulichofanya pamoja kilikuwa kidogo: kupeana zamu ya kutwikana, kukunja kipande cha kitenge chini ya mugozi ili shinikizo lisambae, kuchagua mawe ya kupumzikia njiani yenye kimo cha kiuno ili mzigo usishuke mpaka chini. Mawe hayo wamama waliyachagua wenyewe. Mimi nilipima tu kimo.

Kuna maswali ya Kifaransa ambayo yalinichukua karibu mwaka mzima kuyahamishia Kiswahili chetu. Watafiti wa viungo na misuli duniani hutumia hojaji ya nchi za Nordiki, kaskazini mwa Ulaya, ya mwaka 1987. Ina mchoro wa mtu na mwili wake umegawanywa sehemu tisa: shingo, mabega, viwiko, viganja na vifundo vyake, mgongo wa juu, mgongo wa chini, nyonga na mapaja, magoti, vifundo vya miguu na nyayo. Inauliza kama umepata shida mahali hapo katika miezi 12 iliyopita, na katika siku 7 zilizopita. Rahisi. Sasa ipeleke Kadutu. "Mgongo" kwetu ni kuanzia shingoni mpaka kwenye makalio. "Kiuno" kwa mmoja ni mgongo wa chini, kwa mwingine ni pamoja na nyonga, na kwa mama aliyejifungua juzi kiuno ni jambo jingine kabisa, hawezi kulitaja mbele ya kijana mwenye karatasi. "Mishipa" ni mishipa ya damu, ya fahamu, na kano, vyote kwa pamoja. Na maumivu yenyewe! Yanauma, yanachoma, yanavuta, yanawaka, yanatembea, yanatia ganzi, yanakula. Mtu akisema "inanikula", hojaji haina kisanduku. Nilijifunza kuandika neno lenyewe pembeni, na maneno ya pembeni ndiyo yaliyonifundisha zaidi kuliko visanduku.

Ndipo mwaka 2016 nikaipeleka hojaji hiyo kwa Bambuti.

Niseme kwanza jina. Serikali inaandika Pigmea, vitabu vinaandika Batwa, Bashi, kabila la hapa kwetu, wanasema Barhwa, na mara nyingi wanalisema kwa mdomo unaoumiza. Kijiji ninachofanya kazi wamechagua Bambuti, kwa hiyo ninaandika Bambuti. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, kilomita za mraba 600. Mwaka 1975 ikapanuliwa hadi 6,000, na mwaka 1980 ikaingia katika urithi wa dunia. Watu waliokuwa wakiishi ndani yake walitolewa bila kupewa ardhi nyingine. Sokwe wa hifadhi hiyo wanajulikana duniani kote. Waliowaachia nafasi wanaishi kando ya barabara, kwenye mashamba ya wengine, wanalimia watu kwa kibarua na kulipwa mihogo.

Tulikaa chini ya mti wa parachichi. Nilikuwa na karatasi zangu na mkalimani, ingawa Kimashi ni lugha yangu, maana niliona ni vizuri kijana wao awe katikati. Nikamwonyesha koko mmoja, ndivyo tunavyomwita mzee wa rika la bibi na babu, ule mchoro. Mchoro wa Nordiki unamwonyesha mtu kwa nyuma: kisogo, mgongo, visigino. Hana uso. Koko aliutazama kwa muda mrefu, akaugeuza karatasi kuona kama kuna upande wa pili, kisha akauliza:

"Huyu mtu, mbona ametupa mgongo? Anaenda wapi?"

Nilianza kumweleza kwamba ni mchoro tu. Akanikatiza kwa upole. Alisema watu wenye karatasi wamekuja wengi, wameuliza, wameandika, na wote amewaona hivyo hivyo, kwa nyuma, wakishuka kuelekea kwenye gari.

Sikujaza hojaji hata moja siku hiyo. Wala wiki hiyo.

Nilipouliza kuhusu "miezi 12 iliyopita", waliniuliza kwa nini nianzie hapo. Kwao maumivu yana mwanzo mmoja: tangu walipotolewa porini. Mzee mmoja alinieleza kwa mwili wake. Alisimama, akatembea kama anavyotembea msituni: hatua fupi, kichwa juu, anageuka kulia na kushoto, anachuchumaa, anainuka, anapanda. Kisha akachukua jembe, akainama, akabaki ameinama. "Porini mwili unazunguka," alisema. "Huku unapinda upande mmoja siku nzima, na shamba si lako." Mimi nina shahada mbili na sijawahi kusikia ufafanuzi wa mzigo wa kazi kwenye uti wa mgongo uliozidi huo. Nilipomwuliza walitibu vipi maumivu zamani, alionyesha kwa kidevu kuelekea Kahuzi. Mti anaouhitaji uko upande wa pili wa mpaka, na kuvuka ni jela au risasi.

Walinipa masharti matatu, na nikayapeleka kwenye kamati ya maadili kama yalivyo. Maswali tuyatunge pamoja. Matokeo wayasikie wao kwanza, kabla ya mtu yeyote Bukavu au Ulaya. Na vijana wao wawili wafundishwe kazi, si kubeba mifuko yetu tu. Tuliyasoma matokeo kwa maharage chini ya mti uleule: kila harage ni mtu, kila jani la mgomba ni sehemu ya mwili. Jani la magoti lilijaa, na hapo ndipo wanawake walipoanza kuongea wenyewe kwa wenyewe kuhusu kulala kwenye udongo wenye baridi, jambo ambalo hakuna swali letu hata moja lililoligusa. Kijana mmoja alichora mchoro mpya, mtu anayetazama mbele, ana macho na amebeba kuni. Ndio tunaoutumia sasa.

Mmoja wa vijana hao wawili sasa ni reko, mhudumu wa afya wa kijiji, na ndiye aliyemgundua mvulana mwenye nundu. Nalisimulia hili kwa sababu kuna wenzangu wanaosema kwamba nawafundisha wanafunzi kuwatuliza wagonjwa tu, "mgongo wako mzima, tembea". Hapana. Mvulana yule alikuwa na homa za usiku, amekonda, miguu imeanza kulegea, na katikati ya mgongo kulikuwa na nundu ndogo yenye ncha. Alikuwa amepelekwa kituo kimoja cha afya akapewa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na maneno ya dharau kuhusu harufu ya nguo zake, hakurudi tena. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Dawa zake hazilipiwi katika nchi hii. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye mpaka aseme habari ya homa za usiku, kwa sababu mtoto aliyedharauliwa hasemi. Homa, kukonda, miguu kulegea, mkojo kutozuilika, nundu: hayo reko wetu anayajua kwa moyo, na akiyaona hatulizi mtu, anampeleka mbio.

Wafadhili nimewaandikia sana. Fedha zipo za kolera, za malaria, za Ebola, na ni haki ziwepo. Lakini ninapoandika "maumivu ya kiuno" napata barua ya pole. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na hakuna hali nyingine inayowalemaza wengi zaidi. Haiui. Inamtoa tu mama sokoni, inamtoa mtoto shule, na hakuna anayeiandika kwenye ripoti ya vifo. Hilo linanikasirisha leo kama lilivyonikasirisha miaka kumi iliyopita.

Kuna yaliyosogea. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 imetambua haki za wenyeji asilia Pigmea kwa mara ya kwanza katika nchi yetu. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi kwamba haki za Batwa wa Kahuzi-Biega zilivunjwa. Nilimsomea koko habari hiyo kwenye simu. Aliuliza kama maana yake anaweza kwenda kuuchukua mti wake. Nikamwambia bado.

Tangu mji wetu ulipoingiliwa na vita Februari 2025, nimefika kijijini mara chache. Reko ananipigia akipata mtandao. Ananisomea daftari lake, mtu kwa mtu, nami naandika kwenye langu. Ijumaa iliyopita alisema goti la koko limevimba tena lakini halina joto, anatembea mpaka kisimani, analala karibu na moto. Halafu koko mwenyewe akaichukua simu. Aliulizia usiku, akaulizia watoto wangu, akaulizia mvua ya Bukavu. Mwisho akauliza kama safari hii nitakumbuka chumvi.

Nimeshainunua, kilo mbili. Iko ndani ya mfuko pamoja na mizani.